Baridi ya Siku za Maombi

Kila nilipokwenda Buffalo kukagua baridi, nilikuta joto. Wala si joto la kusingizia. Lilikuwa joto la kuvua koti, kisha sweta, kisha kulitazama dirisha kwa jicho la kuomba msaada. Nilikaa katika sebule ya nyumba yangu mwenyewe, ambayo baadaye ilisemekana inawagandisha wapangaji, nimepakata sahani ya ugali na sombe, yaani kisamvu cha Kikongo, jasho linanitiririka mgongoni, nikajiambia kwamba mtambo wa joto unafanya kazi vizuri sana. Pengine kupita kiasi.

Nyumba yenyewe ni ndogo, ya mbao, iko Lower West Side, kwenye mtaa ambao nyumba zimesogeleana kana kwamba nazo zinaota moto. Tuliinunua mimi na dada yangu mkubwa nilipopata kazi yangu ya kwanza Buffalo, baada ya kumaliza masomo Columbus. Kazi ile ikaisha, nikarudi Columbus, nikapata nyingine ya kukaa mbele ya kompyuta na kutazama safu za tarakimu za watu wengine. Dada yuko Louisville, ni muuguzi. Kwa hiyo nyumba ina wenyewe wawili na hakuna kati yao anayeweza kuifikia bila kusafiri. Nilitaka tuiuze. Dada akasema kwetu mtu hauzi nyumba ambayo paa lake bado linakinga mvua. Yeye ni kifungua mimba. Akishasema, imeshasemwa.

Wapangaji wetu ni familia kutoka Kivu, Wakongo waliofika hapa kama wakimbizi. Baba anafanya kazi kiwandani. Mama anatunza wazee wa watu. Watoto wanaulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na hakuna anayeshtuka. Chumba cha nyuma analala mama mzazi wa yule baba, ambaye nyumba nzima inamwita koko, yaani bibi, na baada ya muda hata mimi nikamwita hivyo. Miaka yote hiyo hawakuwahi kulalamika juu ya jambo lolote. Hilo lilinipendeza, nikalihesabu kuwa ni sifa ya nyumba.

Inafaa nieleze kosa hili lilivyotengenezwa, maana mtu mmoja peke yake asingeliweza. Mimi nimekaa Marekani vya kutosha kujua kwamba mwenye nyumba haingii kwa mpangaji bila kumjulisha mapema. Nilikuwa najulisha, tena kwa maandishi, tena kwa heshima. Kwao, mgeni akishatangaza kuwa anakuja, na mgeni huyo akawa papa bailleur, jina wanalompa mwenye nyumba, hapokelewi na watu wawili kwenye kochi tupu. Ni aibu. Atafikiri hamna watu duniani. Basi mama wa nyumba akipata ujumbe wangu alikuwa anapigia simu kikundi chake cha maombi, nacho kinakuja chote, na kwaya yake, na watoto wake, na sufuria zake. Jiko lilikuwa linawaka tangu asubuhi. Mimi nikifika kuangalia kama nyumba ina joto, nakuta sebule imejaa watu hadi kwenye ngazi, wameshiba, wanaimba, wanapiga makofi, na kila mmoja ananipa mkono wa moto. Adabu yangu ilikutana na adabu yao mlangoni, na baridi ikapata mahali pazuri pa kujificha.

Katika ziara hizo nilikuwa nashuka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, kuliangalia boila. Lilikuwa chuma kikubwa cheusi, la umri ambao hakuna fundi aliyekubali kuukadiria. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji kwa gesi na kuyapandisha kwenye mabomba hadi kwenye rejeta zilizosimama chini ya madirisha. Rejeta hizo ni kama ya gari, isipokuwa uzito wake ni wa gari lenyewe. Kila niliposhuka nilikuta boila limezima. Nilifikiri: nyumba ina joto, liwake la nini? Nikalipiga kiganja ubavuni kama ng'ombe aliyetoa maziwa mengi, nikapanda juu kumalizia soda yangu.

Halafu ikaja simu ya dada, Jumapili moja, mwisho wa baridi.

Louisville kuna ibada ya Kiswahili ambako Wakenya, Wakongo na Warundi wanakutana na kulaumiana kwa upole juu ya Kiswahili cha kila mmoja. Dada huwa hakosi. Siku hiyo aliniuliza kwanza nyumba yetu iko mtaa gani. Nikashangaa, lakini nikamtajia. Akaniuliza kama kuna mama mzee analala chumba cha nyuma. Nikasema yupo.

"Basi ni sisi," alisema. "Kuna kaka hapa kanisani ametangaza anatafuta kitanda. Anamleta mama yake kutoka Buffalo, juu landlord amewaacha kwa baridi mpaka mzee anakohoa. Watu wote tumesimama tukamwombea huyo landlord, Mungu amguse. Nikasema amina. Loudly."

Nilimwambia nyumba ile ina joto hadi nimewahi kufungua dirisha. Alijibu kwamba yeye ni muuguzi, na mtu hakohoi kwa kumsingizia mwenye nyumba. Nikamuuliza huyo kaka anaishi wapi. Alisema ana nyumba mpya, nzuri, ukuta mzito, joto la kutosha, na kwamba yeye na mkewe wanafanya kazi zamu hata mbili, kwa hiyo mama atapumzika mchana kutwa bila mtu wa kumsumbua.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu nyumba ya namna hiyo niliijua. Nilikuwa naishi ndani yake.

Baridi ya mwaka uliotangulia, mama yetu alikuja kutoka Kenya kukaa nasi Clintonville, mtaa wetu wa Columbus. Mimi na mke wangu tulimwandalia chumba chenye jua. Tulipandisha joto mpaka mimea ya dirishani ikaanza kutoa maua nje ya msimu. Asubuhi tulikuwa tunaondoka kwenda kazini, jioni tunarudi tumechoka. Mtaa wetu ni mzuri na mtulivu, watu hupungiana mikono wakiwa ndani ya magari. Baada ya wiki chache mama akaniambia nitengeneze kengele ya mlango, imeharibika. Nikatoka nje, nikaibonyeza, ikalia. Nikamwambia ni nzima. Akasema haiwezi kuwa nzima, anakaa karibu nayo kutwa na haijawahi kulia. Theluji haijayeyuka akaomba tumbadilishie tiketi, akarudi nyumbani, na mpaka leo akiulizwa na majirani Marekani pakoje huwa anasema pana joto.

Basi nilikuwa najua kinachomngoja koko Louisville. Nilijua hata kiti atakachokalia.

Nilimpigia mama wa nyumba. Alikana kila kitu kwa uchangamfu mkubwa. Alisema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yao, wako vizuri, donc baridi ya Amerika ni ya kila mtu, papa bailleur asisumbuke. Nikambana kidogo. Ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya familia, kwamba chumba cha koko kinaingiwa na baridi, na kifua chake kinalia, na mdogo wa mumewe ameshasema atamchukua. Koko mwenyewe hataki. Wajukuu wake wako hapa, kwaya iko hapa. Lakini mama mkwe hawezi kuachwa akohoe hivyo.

"Bon," alimaliza, "tunaomba."

Niliamua kwamba wakati wanaomba, mimi nitabadilisha boila. Niliwaomba wampe koko muda mpaka baridi nyingine, wakakubali.

Kubadilisha mtambo wa joto katika nyumba ya watu wawili wasiokubaliana ni kazi ya msimu mzima. Dada alitaka ile mitambo ya kisasa ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje, kwa sababu daktari mmoja kazini kwake anayo. Nikamwambia huyo daktari yuko Kentucky, na hewa ya nje ya Buffalo mwezi wa pili haina kitu cha kuvutwa. Akaniuliza kama nimesomea hewa. Sikuwa nimesomea. Fundi wa kwanza alisema atakuja Jumanne, ila hakutaja ya mwaka gani. Wa pili alikuja, akashuka besmenti, akakaa huko muda mrefu, akapanda na uso wa mtu aliyetoka kuona maiti. Alisema chuma kile kilipaswa kustaafu kabla yeye hajazaliwa. Tukampa kazi.

Boila la zamani halikukubali kupita mlangoni. Walilipasua kwa nyundo mle mle chini, wakalitoa vipande vipande, na koko akatoka barazani akiwa na khanga kichwani kushuhudia mazishi. Kila kipande kilipopita alitikisa kichwa. Jipya lilikuwa dogo, jeupe, limetundikwa ukutani kama kabati la dawa, na lilipowashwa halikunguruma kama la zamani, jambo lililomfanya baba wa nyumba ashuke mara nyingi kuhakikisha kuwa hatujatapeliwa.

Pamoja na boila kulikuja themostati mpya, kile kidude cha ukutani kinachopima joto la chumba na kuamua boila liwake au lizime. Ya zamani ilikuwa sebuleni, karibu na kochi kubwa. Fundi aliuliza kama aiweke mahali pale pale au pengine. Nilitazama ukuta. Ya zamani ilikuwa imeacha alama mbaya kwenye rangi. Nikamwambia aiweke pale pale, ifunike alama.

Theluji ya kwanza ilipoanguka nilikwenda kukagua. Nilijulisha mapema, kama kawaida. Walikuwepo wote. Kwaya ilikuwa imeongeza sauti mpya, na mama mmoja alikuwa ameleta mikate ya nazi aliyojifunza kuioka kwa Watanzania kwenye kambi ya wakimbizi. Kulikuwa na joto ambalo sijapata kuliona katika nyumba yoyote. Niliwekewa mikono, mtambo ukabarikiwa, na niliporudi ndani ya gari vioo vyake vilifunga ukungu kwa jasho langu. Nikampigia dada kumwambia nyumba imepona. Alisema Mungu ni mwema, na kwamba hata mitambo ya umeme ingefanya hivyo hivyo.

Baada ya Krismasi simu ikalia tena.

"Kaka yule amepata kitanda," dada alisema. "Jumamosi anaendesha kwenda kumchukua."

Sikuelewa. Boila lilikuwa jipya. Dada akaeleza alivyoelezwa na yule kaka. Chumba cha koko kilikuwa na baridi kuliko mwaka jana. Na hapo ndipo ndugu wa Buffalo walipopata ufunuo: kama mtambo ni wa zamani, baridi ni ya mtambo, lakini mtambo sasa ni mpya, kwa hiyo baridi ni ya shetani. Kwa kweli hoja hiyo haikuwa na ufa. Wakafunga. Wakaongeza maombi, yakawa siku nyingi za wiki badala ya chache, na watu wakawa wanatoka hata mitaa ya mbali kuja kumkemea pepo wa baridi. Na kadiri walivyomkemea ndivyo koko alivyozidi kukohoa. Mwisho mwanawe wa Louisville alisema vita ya kiroho iendelee, ila mama yake aiombee akiwa mbali.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikaendesha. Baada ya mji wa Erie upepo wa ziwani ulianza kuisukuma gari pembeni, na theluji ikawa inavuka barabara kwa mlalo. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira na chuma cheupe cha ukutani, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na aibu, maana Mkenya mzima na shahada yake ameshindwa kumpa bikizee joto katika nchi yenye gesi chini ya kila barabara.

Jumamosi nilikuta magari yamejaza mtaa. Watu walikuwa wamekuja kumuaga koko, na kwa kuaga namaanisha kwamba sijawahi kuona watu wengi hivyo katika nyumba ndogo hivyo. Mwana wa Louisville alikuwa amekaa karibu na mlango, mtu mpole mwenye funguo za gari mkononi, akijipepea na bahasha. Kwaya ilikuwa imevua masweta. Mchungaji alikuwa anafuta shingo kwa taulo. Nikasema moyoni, hata shetani asingestahimili joto hili.

Nikauliza koko yuko wapi. Mama wa nyumba alisema yuko chumbani kwake na watoto wadogo waliolala, mlango umefungwa ili kelele zisiwaamshe. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya maombi. Koko anawaachia wageni kiti chake, anaingia nyuma, anafunga mlango, anasikiliza nyimbo kupitia ukutani. Nikabisha hodi, nikaingia.

Ilikuwa kama kufungua friji. Koko alikaa kitandani amevaa koti lake la safari na kofia mbili. Watoto walikuwa wamefunikwa blanketi mpaka zimebaki pua. Begi lake lilikuwa mlangoni. Niliweka mkono kwenye rejeta ya chini ya dirisha, na ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamwamkia, akanipa mkono kwa mikono miwili, akanipa pole ya safari. Yeye anaondolewa, na mimi ndiye ninayepewa pole.

Nikamuuliza hali hii imeanza lini.

"Mtoto yangu, hii baridi inajua kalenda," alisema. "Siku nyumba iko mutupu, ile chuma inawaka bien, muzuri. Siku batu banakuya kuomba, na yeye anakuya. Ni shetani. Hapendi nyimbo."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza tabia ya jirani. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Sebuleni mchungaji alitangaza kwamba kabla ya safari watu wote watoke nje wapigwe picha mbele ya gari, kisha koko aletwe mwisho, akae katikati. Nikasikia vishindo vya viatu, makoti yakitafutwa, mlango wa mbele ukifunguliwa na kuachwa wazi, na nyumba nzima ikamwagika barabarani. Wimbo ukaendelea kule nje, umepungua kwa upepo. Nikapiga goti kumvalisha koko viatu vyake vya theluji. Nilikuwa nimemaliza kimoja nikasikia, chini ya sakafu, mlio mdogo kama wa mtu anayewasha kiberiti.

Halafu rejeta ikagonga. Tik. Ikagonga tena.

Nilibaki nimeshika kiatu cha pili. Mlango wa chumba nilikuwa nimeuacha wazi, na kutoka pale niliona sebule tupu, sahani kwenye kochi, pazia linapepea kwa upepo wa mlangoni, na ukutani, imefunika vizuri alama ya rangi, themostati yangu. Namba zake zilikuwa zinashuka.

Ilinijia yote kwa pamoja, na nilijisikia mpumbavu kwa namna iliyotulia kabisa. Kidude kile hakijui nyumba. Kinajua pale kilipo tu. Watu wakijaa, miili yao na jiko lao vinaipasha joto sebule, kidude kinaona joto limetosha, kinaliamuru boila lizime. Nyuma ya mlango uliofungwa, kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa ziwa, hakuna anayemuuliza koko. Wakiongeza maombi, wanaongeza watu. Wakiongeza watu, wanamwongezea baridi. Na mimi nilikuwa nimeununulia ujinga huo mtambo mpya.

Rejeta ilianza kupata uvuguvugu. Koko akaishika kwa kiganja, akafumba macho.

"Shetani ametoka," alisema.

Nikamwambia hapana, koko. Waliotoka ni watu. Nikamweleza polepole, nikimwonyesha ukuta wa sebule kwa kile kiatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nje walikuwa wamefika ubeti wa tatu, na kulikuwa na mtoto anacheka.

"Kumbe ni batu," alisema. Akanishika mkono wa shati. "Usibaambie. Bakijua ni bo banaleta baridi, bataogopa. Bataacha kuya. Joto bila batu, nitaifanya nini?"

Nilimfikiria mama, kwenye kiti chake karibu na mlango wa Clintonville, mimea ikitoa maua, na nililia, si sana, lakini nililia, nimepiga goti mbele ya bibi wa watu na kiatu mkononi. Alinipiga piga begani. Nadhani alifikiri nalilia mtambo.

Nikamvua kile kiatu nilichokuwa nimemvalisha.

Koko mwenyewe ndiye aliyewaambia. Alitoka mpaka kizingitini akiwa na soksi, watu wote wakageuka, na akatangaza kwamba chumba chake kimepata joto, Mungu amejibu, haendi popote. Mwanawe aliingia na funguo zake, akashika rejeta, akaondoa mkono haraka kwa sababu ilikuwa imeshika moto hasa. Alimtazama mama yake muda mrefu. Akasema kitanda atakiweka, siku akitaka kutembelea. Mchungaji akaanza kushukuru, na alikuwa bado anashukuru nilipotoka kwenda dukani.

Nilinunua themostati isiyo na waya, inayoweza kukaa chumba chochote na kuliambia boila habari za huko. Niliiweka kwenye meza ya koko, karibu na Biblia na chupa ya dawa ya kikohozi. Ile ya ukutani niliitoa. Alama ya rangi bado ipo, mbaya kama zamani.

Tangu siku hiyo boila linamsikiliza koko peke yake. Siku za maombi chumba chake kina joto la kulala bila kofia, na kikohozi kimekuwa cha kawaida, cha uzee. Sebule nayo, yenye watu na jiko na sasa joto la boila pia, imekuwa tanuri. Watu wanaimba madirisha yako wazi, theluji inaingia na kuyeyuka hewani. Mchungaji amehubiri kwamba moto umeshuka, na dada ananiambia ushuhuda huo umeshafika Louisville, ambako alisimama tena akasema amina. Mbali na koko, dada ndiye pekee niliyemweleza. Aliniuliza kama mitambo ya umeme ingekuwa na tatizo hilo. Nikakubali kwamba ingekuwa nalo. Akasema basi, hata hivyo ingekuwa bora.

Mama naye huwa nampigia Jumapili, na habari za koko alikuwa anazifuatilia kama za ndugu yake.

"Huyo mwenzangu amebaki?" aliuliza.

Nikasema amebaki. Akauliza baridi je, nikasema imekwisha. Akauliza na watu, bado wanakuja? Nikamwambia wanakuja, wanajaa mpaka kwenye ngazi.

Nikamsikia akivuta kiti.

"Na ile kengele yenu," alisema, "mliitengeneza?"

Nikamwambia tumeitengeneza. Akasema hasikii dalili. Basi nikafungua mlango, nikatoka nje kwenye theluji na viatu vya ndani, simu sikioni. Mtaa wa Clintonville ulikuwa mtulivu kama kawaida, hakuna mtu. Nikaweka simu karibu na mlango, nikaibonyeza kengele mwenyewe.

"Nani huyo?" mama aliuliza haraka, sauti imechangamka. "Usimwache kwenye baridi. Mkaribishe."